Siku tuliyotaka kung'oa ibiskusi



Juma hili hatuandiki juu ya mapishi wala juu ya likelemba. Tunaandika juu ya mti mdogo wa maua, ule unaosimama upande wa kushoto wa mlango wa lupango tunamokutania kila siku ya nne, hapa Katuba. Wenzetu wanaotoka kata za Kenya na Kamalondo walizoea kuupita bila kuutazama. Sasa umejaa maua, nao wanauliza: huu ulitoka wapi? Nani aliupanda? Na mbona mwaka jana mulituambia umekufa? Jibu ni refu, na kipande kimoja cha jibu hilo kinatutia haya. Tulijadiliana katika mkutano kama tukiandike au tukiache. Walio wengi walisema tukiandike.

Mti wenyewe ni ibiskusi. Munaijua: majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, ua jekundu pana kama kiganja, na katikati ulimi mrefu unaotokeza nje wenye unga wa manjano. Ua moja hufunguka asubuhi, na kesho yake limekwisha kujikunja, lakini mti wenye afya hutoa jingine na jingine. Ni ndugu ya ngai-ngai tunayopika na samaki. Ni ndugu ya bamia pia, na ya pamba. Tazameni ua la bamia siku moja mutaona sura ileile ya ukoo, ila rangi tu ni nyingine.

Wale wa zamani wanakumbuka kwamba hatukuanzia hapa. Mama mzee aliyeanzisha chama chetu alikuwa na ibiskusi kubwa kuliko ukuta wake, na chini ya kivuli chake ndiko tulikopanga viti. Alipofariki, watoto wake waliuza lupango. Ni haki yao, hatuna neno. Mnunuzi alitaka kujenga vyumba vya kupangisha mpaka ukingo wa barabara, akatuambia kwa heshima kwamba ule mti utakatwa. Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua za kwanza zilikuwa zinajaribu kunyesha. Tulikwenda na visu, tukakata vijiti 12, kila kimoja cha unene wa kalamu ya risasi na urefu wa kama sentimita 15. Tuliondoa majani ya chini, tukaacha mawili juu, tukavichomeka katika mikebe ya maziwa iliyotobolewa chini, udongo nusu na mchanga nusu, tukaviweka kivulini chini ya dirisha la mama mwandishi. Baada ya miezi miwili vijiti 5 vilikuwa na mizizi. Saba vilioza. Hayo ni mambo ya kawaida, wala hatukuona uchungu.

Vinne tuligawana kwa kura. Cha tano, kilicho bora, tulikitenga kwa ajili ya lupango jipya la mikutano, lile la mama mtunza sanduku, ili tuwe na kitu cha mama mzee pale tunapokaa.

Na hapa ndipo kosa la kwanza linapoanzia. Mwezi wa 12 mche ulikuwa tayari. Mvua ilikuwa inanyesha karibu kila siku, na mtu yeyote aliyewahi kushika jembe Katanga anajua huo ndio wakati wa kupanda kitu unachotaka kiishi. Mmoja wetu wa Ruashi, aliyepata kijiti kwa kura, alikipanda juma lile lile, bila sherehe, bila picha. Lakini sisi kama chama tulitaka siku kubwa. Tulitaka tarehe 8 ya mwezi wa tatu, sikukuu ya wamama, tukiwa tumevaa vitenge vya namna moja. Kwa hiyo mche ulingoja ndani ya mkebe wa maziwa miezi mitatu ya mvua nzuri, mizizi ikizunguka ukuta wa mkebe kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Siku ile ilikuwa nzuri kwetu. Kwa mti ilikuwa imechelewa sana, maana hapa Lubumbashi mvua huisha mwezi wa nne, na baada yake mtu anaweza kuhesabu miezi mitano bila tone la maana.

Shimo tulichimbiwa na vijana wawili. Udongo wa pale ni mwekundu, mgumu, ule ambao ukiukata kwa jembe unabaki umelainika kama ukuta wa chungu. Tuliwasifu kwa sababu lilikuwa na kina cha kuingia mtoto mpaka kiunoni. Halafu tukaanza ukarimu wetu. Mama mmoja anayefuga kuku alileta gunia zima la mbolea, mbichi, bado inanuka na kutoa joto. Mwingine alileta karai la udongo wa kichuguu, ambao kweli ni udongo mzuri. Tukajaza. Mche tukauzamisha mpaka shina likafunikwa kiasi cha kiganja, «ili ushike sawasawa». Tulikuwa wamama 26, na kila mmoja akamimina kikombe chake cha maji. Tukasali, tukapiga picha. Usiku ule mvua kubwa ikanyesha, tukasema ni baraka.

Kila siku ya nne baada ya hapo, kila aliyeingia mlangoni alipitia kwanza kwenye mti na kuumwagia maji. Ilikuwa kama kusalimia. Wengine walikuja hata siku ya posho. Na mvua za mwisho zilikuwa bado zinanyesha. Shimo lile lenye kuta ngumu lilikuwa limegeuka chungu kisicho na tundu: maji yaliingia, hayakutoka. Majani yakaanza kuwa ya manjano, yakaanguka moja moja kutoka chini. Tulisema: una kiu. Tukaongeza maji.

Halafu ukaja mwezi wa tano. Mvua ikakatika. Bomba la avenyu yetu, munalijua, hutoa maji siku linapotaka, na bidoni ya lita 20 kutoka kwenye foraji ya jirani inalipiwa. Bila mtu kusema neno, tulinyamaza wote pamoja. Yule aliyefikiri kwamba mwenzake wa Kamalondo amemwaga, kumbe mwenzake wa Kamalondo alifikiri ni zamu ya mwenye lupango. Hakukuwa na zamu. Hatukuwahi kuandika zamu. Wiki tano mti haukupata kikombe kutoka mkononi mwa chama.

Mwezi wa sita ulipofika, ulikuwa umebaki kijiti chenye majani matatu.

Sasa tuseme kile kipande cha haya. Katika lupango lile anakaa mke wa mtoto wa mama mtunza sanduku. Wakati ule alikuwa na mwaka mmoja tu tangu aletwe kutoka upande wa Kasenga, kule kwenye mto Luapula. Ni mtu wa maneno machache. Hakuwa na mtoto bado, kwa hiyo hatukuwa na jina la kumwita kama tunavyoitana sisi, Mama Fulani. Tulimwita «mkwe wetu», wote 26, na kila mmoja alimtuma kama mkwe wake wa nyumbani. Lete viti. Toa viti. Maji ya kunawa yako wapi? Siku ya nne moja ya mwezi wa sita, mbele ya mkutano, mmoja wetu alimuuliza kwa sauti kubwa: «Wewe unalala hapa, unaamka hapa, unapita mlangoni mara 20 kwa siku. Hata kikombe cha maji umemnyima mama mzee?» Mwingine akaongeza kwamba mikono mingine haina baraka ya kuotesha kitu. Kila mwanamke aliyekuwapo alielewa neno hilo lilikuwa linapiga wapi. Mama mkwe wake, badala ya kumkinga, alisema: «Mimi nilimwambia.»

Hakujibu. Alipiga magoti kama desturi ya kwao, akapiga makofi polepole, akaondoka. Tangu siku ile aliweka viti kabla hatujafika na kuvitoa tukiisha kwenda. Hatukumwona tena katikati. Na ukweli ni kwamba juma la kwanza hatukuona kasoro yoyote. Tulisema ana kiburi.

Mwezi wa sita na wa saba munajua jinsi baridi ya Lubumbashi ilivyo usiku. Mji wetu uko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kuna asubuhi ambazo mtu anakoka makala ndani ya sufuria ili avae nguo. Ibiskusi ni mti wa nchi za joto. Katika baridi hiyo hausogei, hautoi jani, unakaa tu. Sisi hatukufikiri hivyo. Tuliona kijiti cha kijivu kisicho na kitu, na siku ya nne ya kwanza ya mwezi wa nane tukapiga kura: ung'olewe, tupande bugenvilia ya kununua, ambayo haina matata. Mama mtunza sanduku akaleta jembe mwenyewe.

Yule mkwe wetu akatoka jikoni na kisu kidogo cha kumenyea mihogo. Alisimama kati ya jembe na mti. Alisema, na tumemwomba ruhusa ya kuandika maneno yake: «Wamama, munisamehe. Kwetu kijiti cha muhogo hakitupwi kabla ya kukikwangua.»

Akakwangua ncha ya juu: kahawia, kavu, kama kiberiti. Akashuka, akakwangua katikati: kahawia. Akashuka tena, kiasi cha vidole vinne kutoka chini, akaondoa ganda dogo kama ukucha. Ndani kulikuwa kijani. Kijani chenye maji.

Hakuna aliyesema kitu. Halafu mama mmoja mzee, wa umri wa miaka zaidi ya 70, akaanza kucheka mpaka akashika kiti. Kwa sababu sisi wote tunajua jambo hilo! Hakuna mwanamke pale ambaye hajawahi kulima muhogo, awe Kipushi, awe Kasumbalesa, awe nyuma ya nyumba. Vijiti vya muhogo vikikaa kivulini majuma mengi, kabla ya kuvipanda unakwangua ganda uone kama utomvu bado uko. Tunajua pia kwamba muhogo haupandwi kwenye shimo la maji, utaoza. Tunajua mbolea ya kuku mbichi inaunguza mboga. Lenga-lenga tunaipa mbolea iliyokaa miezi. Tunajua kupanda mvua zinapoanza. Lakini huu ulikuwa mti wa maua, kitu cha mjini, kitu cha mapambo na cha sikukuu, tukaufanyia kama mtu anavyomfanyia mgeni mkubwa: kumshibisha siku ya kwanza mpaka augue, kisha kumsahau.

Siku ile hatukung'oa. Tulichimba pembeni kwa mikono ili tuone kulivyo chini. Udongo wa juu ulikuwa mkavu, mgumu kama tofali. Kiganja kimoja chini yake mbolea ya kuku ilikuwa imeshikamana, nyeusi, inanuka. Mizizi iliyoelekea huko ilikuwa imekufa na ilimenyeka kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Lakini upande mmoja tu, upande wa jikoni, udongo ulikuwa na unyevu kidogo, na huko kulikuwa na mizizi myembamba, meupe, hai. Tukatazamana. Nani alimwaga maji upande huu?

Ni yeye. Tangu mwezi wa tano, kila siku ya Mungu jioni, alimwaga pale maji ya kuoshea mchele na sombe, yasiyo na sabuni, kiasi cha lita tano. Siku tulipomtukana mbele ya watu alikuwa amekwisha kufanya hivyo majuma matano, ndiyo yale majuma yetu matano ya kunyamaza. Tulimuuliza kwa nini hakusema. Alisema hakuulizwa kama anamwaga; aliulizwa kwa nini anamnyima mama mzee.

Siku ya nne iliyofuata mama prezida alisimama, na sisi wote tukasimama nyuma yake, hata yule aliyetamka neno la mikono. Huyo ndiye aliyezungumza kwanza, na alilia. Mama mkwe naye alisema lake. Hilo tunaliacha nyumbani kwao. Tulileta kitenge na kuku mmoja. Mkwe wetu alipokea kitenge kwa mikono miwili. Kuku alimtazama kwa muda, akauliza: «Huyu ndiye aliyetoa ile mbolea?» Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania. Kumbe ni mtani mkubwa.

Basi, tulifanya nini baada ya hapo? Tunaandika hapa kwa ajili ya wale watakaopanda, lakini yeye ndiye aliyetuongoza, na mambo mengine tulijifunza kwa kuyaharibu.

Kwanza tuliondoa mbolea yote tuliyoweza kufikia bila kugusa mizizi meupe, na udongo uliofunika shina tukauvuta mpaka shina likapumua, yaani mpaka ile sehemu ambapo mzizi wa kwanza unaanza ikawa sawa na uso wa ardhi. Kuta ngumu za shimo tulizivunja kwa mtarimbo, upande baada ya upande, ili mizizi ipate njia ya kutoka na maji pia. Kama tungepanda upya leo, shimo lingekuwa na kina cha mkebe tu, si zaidi, lakini upana mara mbili au tatu, na kuta zilizochanguliwa, si zile laini za kusifiwa. Ncha kavu tulizikata mpaka kwenye kijani. Hapo kulikuwa na mabishano, wengine waliona tumebakiza kisiki cha aibu. Kilikuwa na urefu wa shibiri moja.

Habari ya maji ndiyo iliyotuchukua muda mrefu kuielewa. Kikombe kimoja kila siku kinalowesha vumbi tu, na mizizi inapanda juu kukifuata, halafu jua la saa sita linaipika. Afadhali maji mengi kwa mara moja, polepole, yaende chini, kisha uache udongo ukauke kidogo. Tulichukua chupa mbili za plastiki, tukazitoboa matundu madogo kwa msumari wa moto, tukazizika pembeni mwa mti mdomo ukiwa juu. Unajaza, maji yanatoka yenyewe chini kwa chini. Katika baridi ya mwezi wa nane lita 10 kwa juma zilitosha. Mwezi wa tisa, joto lilipopanda na mijakaranda ya mjini ilipoanza kutoa maua yake ya zambarau, tulifanya mara mbili kwa juma. Na kabla ya kumwaga, kidole kwanza: kiingize ardhini mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, rudisha maji yako nyumbani. Jani la manjano peke yake halisemi kitu, maana mti wenye kiu na mti uliozama vyote viwili hutoa jani la manjano. Kidole ndicho kinachotenganisha.

Juu ya udongo tuliweka majani makavu. Hapo mchwa walikuja. Katanga ni nchi ya vichuguu, mtu asishangae. Tulikuwa tumelundika majani mpaka shinani, na siku ya tatu tulikuta wamejenga udongo wao kwenye ganda. Tukayasogeza, tukaacha duara tupu la kiganja kizima kuzunguka shina, na majani tukayapunguza unene, tukawa tunayainua kila juma kutazama. Majivu tulinyunyiza pia. Wengine wanasema yalisaidia, wengine wanasema ni kuinua majani ndiko kulikosaidia. Mbolea hatukuweka hata kidogo mpaka mvua ziliporudi. Mti usio na mizizi haujui kula.

Kivuli tulifanya kwa mkeka wa matete upande wa magharibi, kwa sababu jua la alasiri ndilo baya.

Na zamu. Tuliandika zamu kwenye kadibodi, jinsi tunavyoandika likelemba, jina na tarehe, na mkwe wetu ndiye mwenye neno la mwisho: akisema leo hapana maji, hapana. Aliyekuwa na zamu alileta bidoni yake au alilipa ya foraji. Kuna mama mmoja, hatumtaji, aliyejaribu kumwaga maji usiku kwa siri kwa sababu aliona mti unateseka. Alikamatwa na mbwa.

Katikati ya mwezi wa tisa kisiki kilitoa vitone viwili vyekundu, vidogo kama vichwa vya siafu, kisha vinne. Mwisho wa mwezi vilikuwa majani. Mwezi wa kumi mbuzi wa jirani aliingia mlango ukiwa wazi akayala yote. Yote. Tuliposikia, wengi wetu tulisema basi. Mkwe wetu alisema mizizi sasa iko, mbuzi hakula mizizi. Akaweka matofali kuzunguka na matawi ya miba juu, na baada ya majuma matatu majani yalirudi, mengi kuliko yale ya kwanza. Mwezi wa 11 mvua ikashika, tukaweka kiasi kidogo cha mbolea, hii iliyokaa tangu mwezi wa tatu ikawa kama udongo, viganja viwili, mbali na shina. Hapo mti ulianza kukimbia. Vitumba vya kwanza vilipotokea mwezi wa 12 alivivunja kwa kidole, sisi tukapiga kelele. Alisema mti bado mdogo, uote matawi kwanza. Tulikuwa tumejifunza kunyamaza, angalau kidogo.

Ua la kwanza aliloliacha lilifunguka mwezi wa kwanza wa mwaka huu. Lakini lilifunguka siku ya pili, si siku ya nne. Tulipofika kwenye mkutano lilikuwa limejikunja na kuanguka chini kama kitambaa kilicholowa. Kati yetu hakuna aliyeliona. Yeye peke yake aliliona, asubuhi, akiwa anafagia. Alituambia lilikuwa jekundu sawasawa na lile la mama mzee, ambaye yeye hakumwona kamwe, wala mti wake. Tulimuuliza amejuaje. Alisema: kwa namna munavyolisimulia kila siku.

Kiangazi cha mwaka huu kimepita. Mti ulipata maji mara moja kila majuma mawili tu, chupa zile mbili, na baridi iliangusha majani machache. Sasa umefika kifuani pa mtu mzima. Ule wa mwenzetu wa Ruashi, uliopandwa mwezi wa 12 bila sherehe, umepita ukuta wake, naye hachoki kutukumbusha. Ya ile mitatu mingine iliyogawanywa kwa kura, mmoja ulikufa, mmoja uko vizuri, na wa tatu mwenyewe alihama nao hatujui umefika wapi.

Siku ya posho ijayo, saa mbili asubuhi, tutakata vijiti kwa wanaotaka, kusudi viwe na mizizi mwezi wa 12. Njoo na mkebe uliotobolewa chini, udongo wako na mchanga wako. Mkwe wetu atakata mwenyewe. Wengine tutashika mikebe. Ana ujauzito wa miezi sita, kwa hiyo kiti kimoja kiwekwe karibu na mti kabla hajafika, na tunasema tena: kiwekwe na sisi. Atakayeleta mbolea ya kuku mbichi atarudi nayo nyumbani kwake.